Jinsi ya kuonja bia kali za watawa wa Ubelgiji na kuzipanga makundi

Naishi Antwerp, nusu saa hivi kwa gari kutoka kwenye abasia ya Westmalle, nyumba ya watawa wanaopika bia, na kila ndugu au rafiki anayepita huku huniuliza maswali yale yale. "Kaka, ipi ndiyo kali kuliko zote?" "Hii namba 10 maana yake asilimia 10?" "Nyeusi ndiyo yenye nguvu, siyo?" "Trapisti ina ladha gani?"

Swali la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika, maana halina jibu. Trapisti si ladha. Trapisti ni jina la aliyeipika bia na mahali alipoipikia. Chukua Orval na Rochefort 10, zote za Watrapisti (watawa Wakatoliki wa shirika moja), uzionje moja baada ya nyingine: hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kavu, chungu, yenye harufu ya ngozi. Ya pili ni nzito na tamu kama tende.

Kwa hiyo kila chupa ina maswali mawili, na kazi yako ni kutoyachanganya. La kwanza: nani kaipika? Hilo unalijibu kwa macho, kwa kusoma chupa. La pili: ni bia ya aina gani? Hilo unalijibu kwa pua na ulimi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Utakachohitaji

Usianze na chupa kumi. Nne zinatosha, nami huwapa wanaoanza hizi:

- Westmalle Dubbel, kilevi asilimia 7
- Westmalle Tripel, asilimia 9.5
- Chimay Bleue, asilimia 9 (chupa kubwa ya kizibo cha koki huitwa Grande Réserve, ni bia ile ile)
- Rochefort 10, asilimia 11.3

Nimezichagua kwa sababu zinapatikana kirahisi kuliko nyingine za watawa, na kwa sababu mbili za kwanza zinatoka katika nyumba moja. Ukionja dubeli (Dubbel, ya kahawia) na tripeli (Tripel, ya dhahabu) za Westmalle pamoja utaona tofauti ya aina bila kuchanganywa na tofauti ya mpishi.

Mengine ya kuandaa:

- Watu watatu. Chupa ya sentilita 33 ikigawanywa kwa watatu, kila mmoja anapata sentilita 11, na hicho ni kipimo kizuri cha kuonja.
- Glasi pana yenye mguu. Glasi ya mvinyo inafaa kabisa. Glasi ndefu nyembamba ya bia ya kawaida haifai, inafunga harufu.
- Maji ya kunywa na mkate mkavu usio na siagi.
- Daftari na kalamu kwa kila mtu.
- Visahani vyenye karafuu, ndizi iliyoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, zabibu kavu, tende, kipande cha sukari guru, ganda la chungwa na pilipili manga.
- Saa mbili zisizo na haraka, na tumbo lililokula.

Visahani hivyo wengi huviona mchezo. Si mchezo. Mtu hashindwi kutaja harufu kwa sababu pua yake ni mbovu. Anashindwa kwa sababu jina halimjii haraka. Ukinusa karafuu halisi, kisha ukanusa bia, jina linakuja lenyewe. Na sisi tuliokulia kwenye pilau na chai ya viungo tuna mtaji mkubwa hapa. Nimeona wenyeji wa huku wakihangaika kuitaja harufu ambayo mtoto wa Pemba angeitaja kabla glasi haijamfikia mkononi.

Onyo kabla ya kufungua chupa

Piga hesabu kwanza. Chupa moja ya Rochefort 10 ya sentilita 33 ina mililita 37 hivi za kilevi halisi. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5, kama zile tulizozizoea nyumbani, ina mililita 25. Kichupa hicho kidogo basi ni sawa na chupa moja na nusu kubwa. Chupa zote nne mkigawana watatu, kila mmoja atakuwa amekunywa kilevi cha zaidi kidogo ya chupa moja na nusu za nusu lita. Mtu akinywa zote nne peke yake, atakuwa amekunywa karibu tano.

Utamu wa bia hizi huficha nguvu yake. Asiwepo wa kuendesha gari wala pikipiki baada ya hapo, na mjamzito au mtu aliye kwenye dawa asiwekwe kwenye kundi la waonjaji. Mpe visahani anuse, atafurahi vilevile.

Hatua ya 1: Soma chupa

Tafuta alama ndogo ya pembe sita yenye maneno "Authentic Trappist Product". Hutolewa na umoja wa kimataifa wa Watrapisti ulioanzishwa mwaka 1997, kwa masharti matatu: bia ipikwe ndani ya kuta za monasteri na watawa wenyewe au chini ya usimamizi wao, kiwanda kiwe kazi ya pili nyuma ya maisha ya sala, na lengo lisiwe faida. Mapato yanatunza watawa na majengo, yanayobaki yanakwenda kwenye misaada.

Ubelgiji ina viwanda vitano vya namna hiyo: Westmalle na Westvleteren upande wa Waflemi, Chimay, Orval na Rochefort upande wa wanaosema Kifaransa. Orodha ya zamani itakutajia na Achel. Achel ilipoteza haki ya alama mwanzoni mwa mwaka 2021 kwa sababu hapakubaki tena watawa wanaoishi pale. Bia haikuharibika, mpishi ndiye aliyeondoka.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: chupa ina picha ya mtawa, ina neno "Abbaye" au "Abdij", basi wanasema hii ni Trapisti. Sivyo. Leffe, Grimbergen na Affligem ni bia za abasia. Maana yake jina linatoka kwenye abasia fulani, na mara nyingi abasia hiyo hupata malipo ya jina lake, lakini bia inapikwa na kampuni za kibiashara nje ya kuta. Kuna nzuri kati yake. St. Bernardus Abt 12 ni mfano mgumu kuliko yote: kiwanda chake kilichoko Watou kiliwapikia watawa wa Westvleteren kwa leseni tangu mwaka 1946 hadi 1992, na bia yake ni ndugu wa karibu wa Westvleteren 12. Kwa ladha zinakaa kundi moja. Kwa mpishi, moja ni ya Trapisti na nyingine siyo.

Andika jibu la swali la kwanza juu ya ukurasa: "Trapisti", "abasia", au "ya kawaida". Kisha lisahau. Lisikuvute unapoonja.

Watawa hawa wana uhusiano na kwetu ambao watu wengi hawaujui. Monasteri ya Mokoto, Kivu Kaskazini, ilianzishwa mwaka 1954 na watawa waliotoka Scourmont, abasia ile ile inayopika Chimay. Miaka miwili baadaye watawa wa Koningshoeven, Uholanzi, wapishi wa La Trappe, walianzisha monasteri Kenya, eneo la Lumbwa. Baada ya machafuko ya uchaguzi jumuiya hiyo ikahamia Uganda mwaka 2008. Kwa hiyo kuna Watrapisti wanaozungumza Kiswahili.

Onyo kuhusu namba na rangi za vizibo

Namba si asilimia. Za Rochefort zinatokana na kipimo cha zamani cha Ubelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka, si cha kilevi. Rochefort 6 ina asilimia 7.5, Rochefort 8 ina 9.2, Rochefort 10 ina 11.3. Westvleteren 8 ina asilimia 8 kamili, lakini 12 yao ina 10.2. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa na uachane na namba kubwa.

Rangi ya kizibo nayo haina sheria moja. Kizibo cha buluu kwa Rochefort ndicho cha bia yao yenye nguvu zaidi. Kwa Westvleteren buluu ni ile ya 8, na yenye nguvu zaidi ina kizibo cha njano. Niliwahi kumbebea rafiki kizibo cha buluu akitaka "ile kali ya Westvleteren", nikamletea 8 badala ya 12. Tangu siku hiyo nasoma maandishi, si rangi.

Hatua ya 2: Poza, kisha acha ipate joto

Weka chupa wima kwenye friji tangu jana yake. Wima, siyo kulala, kwa sababu bia hizi huongezewa sukari na hamira kidogo zikitiwa chupani ili zichachuke tena humo, na masalia ya hamira lazima yatulie chini.

Zitoe kabla ya kuonja. Tripeli inapendeza kwenye nyuzi 8 mpaka 10, zile nyeusi nzito kwenye 12 mpaka 14. Ulaya wakati wa baridi naziacha mezani nusu saa. Dar es Salaam mwezi wa Februari dakika kumi zinatosha, ukizidisha utakunywa uji. Kama huna kipimajoto, shika chupa: iwe baridi lakini isikuume kiganja.

Kosa kubwa kuliko yote kwa wanaoanza ni kuinywa ikiwa ya baridi kali, "baridi sana" kama tunavyoagiza baa. Baridi hiyo inaua harufu na kuacha utamu na kilevi tu, na mtu anaondoka akisema bia za watawa ni sharubati yenye pombe.

Hatua ya 3: Suuza glasi, mimina

Glasi isiwe na sabuni wala mafuta. Isuuze kwa maji baridi, ikung'ute, usiifute kwa taulo.

Inamishe glasi, mimina taratibu ubavuni, kisha isimamishe bia ikifika nusu ili povu lijijenge. Mkigawana watatu, mimina glasi zote kwa mkono mmoja usioinuka: kila ukiirudisha chupa wima, masalia ya chini yanatibuka. Acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa. Masalia hayo hayana madhara, na wako wanaoyapenda, lakini yana ladha ya hamira ya mkate inayofunika nyingine. Yaonje mwishoni, kwenye kikombe chake.

Hatua ya 4: Tazama, lakini usihukumu

Weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi. Andika rangi, uwazi na povu. Dubeli ya Westmalle ni kahawia yenye wekundu, tripeli yake ni dhahabu yenye ukungu kidogo, Chimay Bleue ni kahawia iliyokolea, Rochefort 10 inakaribia weusi na povu lake lina rangi ya maziwa ya chai.

Sasa tazama asilimia ulizoandika. Ile ya dhahabu ina 9.5, ile ya kahawia kutoka nyumba hiyo hiyo ina 7. Rangi inatoka kwenye sukari iliyochomwa na kimea kilichokaangwa, haitoki kwenye kilevi.

Hatua ya 5: Nusa mara tatu

Hapa kaa. Zaidi ya nusu ya muda wenu utumike hapa.

Mara ya kwanza, nusa bila kutikisa, pua juu ya ukingo, pumzi mbili fupi. Andika neno la kwanza linalokuja hata kama linaonekana la ajabu. "Keki ya harusi." "Duka la dawa." "Nyumbani kwa bibi wakati wa mavuno ya ndizi." Maneno hayo ya kwanza ni ya thamani kuliko yale unayoyatafuta baadaye.

Mara ya pili, zungusha glasi taratibu, ifunike kwa kiganja kwa sekunde chache, fungua unuse. Sasa nenda kwenye visahani. Nusa karafuu, rudi kwenye glasi. Nusa ndizi, rudi. Jiulize ipi imo.

Kwenye tripeli ya Westmalle utapata ganda la chungwa, ndizi, na viungo kwa mbali kama karafuu au pilipili manga. Hakuna aliyetia karafuu humo. Hamira ndiyo inayotengeneza harufu hizo inapochachua bia kwenye joto, na hii ndiyo nadharia pekee unayoihitaji: kwenye bia za Ubelgiji, hamira ndiye mpishi mkuu. Aliyewahi kusimama karibu na mtumbwi wa rubisi kule Kagera ataitambua ile ndizi mara moja, ila ya kule inatoka kwenye ndizi zenyewe.

Kwenye dubeli ni sukari iliyoungua, zabibu kavu, ganda la mkate. Chimay Bleue ina pilipili manga na matunda makavu, na mimi daima hupata jani la viungo kama kotimiri iliyokaushwa, ingawa mke wangu anasema si kotimiri, ni majani makavu tu. Rochefort 10 ina tende, chokoleti chungu, sukari guru, na kilevi chenye joto kama mvinyo mzito.

Mara ya tatu, nusa baada ya dakika kumi, bia ikiwa imepata joto. Linganisha na ulichoandika mwanzo. Rochefort 10 hubadilika kuliko zote nne. Inafunguka pole pole, na wanaoimaliza upesi hawajaionja.

Hatua ya 6: Onja

Onja kwa mpangilio huu: Dubbel, Tripel, Chimay Bleue, Rochefort 10. Maji na mkate kati ya moja na nyingine.

Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza. Bia haitemwi kama waonja mvinyo wanavyofanya, kwa sababu uchungu unaukamata vizuri ukimeza. Ukishameza, funga mdomo utoe pumzi kwa pua. Hapo ndipo harufu nyingi hurudi kwa nyuma.

Jibu maswali manne, na kila moja lipate neno lake. Tamu kiasi gani? Chungu kiasi gani? Nzito au nyepesi? Baada ya kumeza kinabaki nini, na kwa muda gani?

Kuhusu neno "kali", naomba uliache nje ya daftari. Kiswahili chetu kinalibebesha mizigo mitatu kwa pamoja: kilevi kingi, uchachu, na ule mkwaruzo wa ndizi mbichi tunaouita ukakasi. Kwenye daftari andika kimojawapo. Ukiandika "kali" leo, kesho hutajua ulimaanisha nini.

Angalia hasa mwisho wa ladha. Tripeli inaanza tamu, inaisha kavu na yenye uchungu, na sababu ni sukari nyeupe inayotiwa wakati wa kupika: hamira huila yote, kilevi kinapanda, uzito haupandi. Mtu anayesema tripeli ni tamu amesikiliza mwanzo tu. Dubeli nayo huwashangaza watu, maana pua imewaahidi karameli na mdomo unaisha mkavu kuliko walivyotarajia.

Hatua ya 7: Andika kabla ya kusema

Kila mtu aandike kimya. Mtu mmoja akisema "chokoleti" kwa sauti, wote watapata chokoleti. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa nawanyang'anya watu haki ya kusema mpaka kalamu ziwekwe chini.

Ukurasa wangu mmoja wa Rochefort 10, ili uone urefu unaotosha: "Nyeusi yenye wekundu kwenye taa. Pua: tende, kakao, pilipili kwa mbali. Mdomo: nzito, tamu, kisha joto kooni. Uchungu mdogo, wa kakao. Inabaki muda mrefu, zabibu. Ilipopata joto: kama mvinyo wa matunda. Kundi: nyeusi nzito."

Hatua ya 8: Ipange kundi

Sasa jibu swali la pili. Fuata njia hii, ukianzia juu.

Kwanza, je, ni kavu na chungu, yenye harufu ya ngozi, majani makavu au zizi la farasi? Ni Orval, asilimia 6.2, na haina kundi. Inatiwa maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu, mara nyingine baada ya kuchachuka, na inaongezewa hamira ya porini inayokula sukari ambayo hamira ya kawaida haiwezi. Usiilazimishe kuwa dubeli wala tripeli.

Pili, kama ni ya njano au dhahabu, tazama nguvu. Chini ya asilimia 6, nyepesi na yenye uchungu wa kupendeza, ni bia ya meza ya watawa wenyewe. Westvleteren Blond yenye 5.8 inakaa hapo. Kati ya 7.5 na 9.5 ni tripeli: Westmalle, Chimay ya kizibo cheupe yenye 8, na Rochefort Triple Extra yenye 8.1 iliyotoka mwaka 2020.

Tatu, kama ni kahawia na kilevi kiko kati ya 6 na 8, uzito wa wastani, mwisho mkavu, ni dubeli: Westmalle Dubbel, Chimay Rouge, Rochefort 6.

Nne, kama ni kahawia iliyokolea au nyeusi, 9 kwenda juu, nzito, matunda makavu mengi, ni nyeusi nzito, ambayo siku hizi wengi huiita kwadrupeli. Jina hilo lilianza na La Trappe ya Uholanzi mwaka 1991. Rochefort 10 na Westvleteren 12 zinakaa hapa bila ubishi.

Ubishi uko katikati, nami nina msimamo. Westvleteren 8 naiweka kwa dubeli, dubeli kubwa. Rochefort 8 naiweka kwa nyeusi nzito, kwa sababu ya uzito wake mdomoni na wala si kwa asilimia zake. Chimay Bleue ndiyo inayonisumbua: kilevi na rangi vinaipeleka kundi la nne, lakini mwisho wake ni mkavu na una pilipili. Naiweka la nne nikiandika pembeni "kavu". Ukiiweka kwingine kwa sababu uliyoionja mwenyewe, uko sahihi kuliko anayekariri kundi kutoka kwenye lebo.

Hatua ya 9: Jipime kwa macho yaliyofungwa

Wiki inayofuata, mtu mmoja amimine dubeli na Chimay Bleue kwenye glasi mbili bila wengine kuona. Taja kundi, kisha taja nyumba. Nilikosa mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu pilipili ya Chimay ilinionyesha njia.

Orval ipewe siku yake. Zamani nilikuwa nikiiweka ya kwanza kwa sababu kilevi chake ni kidogo, na kila mara dubeli iliyoifuata ilionekana kama maji ya sukari. Ukipata mbili, soma tarehe ya kutiwa chupani: moja iwe ya miezi michache, nyingine imefika mwaka au zaidi. Changa ina harufu ya maua na uchungu wa hopsi, ya zamani ni kavu na ya ngozi. Utadhani ni bia mbili.

Ikienda vibaya

*Povu linafurika nikifungua.* Chupa imetikiswa au ina joto. Irudishe friji siku nzima ikiwa wima. Chupa ya Orval iliyokaa muda mrefu ina gesi nyingi kwa asili yake. Ifungue juu ya sinki, na kizibo ukiinue kidogo kidogo.

*Povu linakufa mara moja.* Karibu siku zote ni sabuni au mafuta kwenye glasi, au mafuta ya midomo ya aliyekula chipsi.

*Inanuka boksi la karatasi lililolowa.* Hewa imeingia, au imehifadhiwa kwenye joto. Tatizo hili ni la kawaida kwa chupa zilizosafiri kwa meli na kukaa kwenye ghala lenye jua. Haiponi. Ukinunua nyumbani, chagua duka linaloziweka mahali penye baridi na giza.

*Inanuka kama kicheche amepita.* Mwanga umeunguza hopsi. Usinunue chupa iliyokaa dirishani, hata kama ni ya kioo cheusi.

*Zote nne zina ladha moja.* Ni za baridi mno, au ulimi umechoka. Pumzika robo saa, kunywa maji, acha glasi zipate joto, anza tena na pua. Kama ulikula achari au pilipili muda mfupi kabla, ahirisha.

*Ni chachu.* Dubeli, tripeli na nyeusi nzito hazitakiwi kuwa na uchachu. Ukipata ladha ya siki, chupa imeharibika. Orval ya zamani ina ukali kidogo kama wa ndimu, hiyo ni kawaida yake.

*Nimehifadhi tripeli miaka mitatu, imekuwa ya asali na haina uchungu.* Uchungu wa hopsi hupotea kwa muda. Tripeli nyingi zinapendeza zikiwa changa. Za kuweka ni Chimay Bleue, Rochefort 10 na Westvleteren 12, wima, gizani, kwenye nyuzi 10 mpaka 15.

*Sipati Westvleteren popote, ila mtu mmoja anauza kwa bei mara tano.* Watawa wa Sint-Sixtus, abasia ya Westvleteren, huuza kwa oda kwa mnunuzi wa kawaida, na kwa masharti kwamba asiziuze tena. Ukipita huko, kuna mkahawa wa In de Vrede mbele ya abasia, unaweza kuagiza ukakaa ukanywa. Ukiwa mbali, nunua St. Bernardus Abt 12 na uionje kwa hatua hizi hizi, ukiandika juu ya ukurasa: "si Trapisti. Kundi: nyeusi nzito."